Lawama ya Mchaguaji: Samaki, Ukuta na Dhamana ya Mwanadamu

Baharini na mtoni samaki humla samaki, na hakuna dini wala falsafa iliyowahi kumtia hatiani samaki kwa jambo hilo. Swali hubadilika pale mwanadamu anapounda tangi la kioo, akalijaza maji ya chumvi, kisha akaamua mwenyewe ni samaki gani wataishi humo pamoja kwa miaka. Mkubwa akimmeza mdogo ndani ya tangi hilo, kinachotokea majini ni kile kile kinachotokea kila saa kwenye matumbawe, ila sasa yupo mtu aliyewakutanisha wawili hao, aliyewafungia njia, na aliyekuwa na hiari ya kutowakutanisha kabisa. Lawama hiyo inaanzia wapi, na inaishia wapi? Wafugaji wa samaki wa mapambo hulichukulia swali hili kuwa la ufundi tu, na wanateolojia hulipita bila kuliona, ilhali linagusa moja kwa moja mafundisho ya dhamana, yaani wajibu wa kutunza kilichowekwa mikononi mwa mtu na ambacho atakuja kuulizwa habari zake.

Tangi kubwa la nyumbani la maji ya bahari linaweza kuchukua lita 1,000 au zaidi. Maji yake huwa na chumvi ipatayo gramu 35 katika kila lita, joto lake huwekwa kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na kabla ya samaki wa kwanza kuingia hupita wiki kadhaa za kusubiri bakteria waote juu ya mawe na mchanga. Bakteria hao ndio uhai wa tangi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na kinyesi chake pamoja na mabaki ya chakula huizidisha. Amonia hiyo ni sumu, hivyo kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa ndogo. Kwa hiyo, hata kabla ya kuuliza nani ataishi na nani, mwenye tangi ameshajitwika kazi ambazo baharini hufanywa na mikondo, jua na kina, na hakuna siku atakayoweza kuzitua mabegani mwake maadamu kuna kiumbe hai ndani ya maji yale.

Kisha huja uchaguzi wenyewe. Kanuni yake ya kwanza ni ya mdomo: samaki anayeenea kinywani mwa mwenzake ni chakula, hata kama wameishi pamoja miezi sita kwa amani, na ndiyo sababu chewa na mkunga hawawekwi pamoja na samaki wadogo. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko kwa samaki wasiolana. Kangaja, ambao kazi yao ni kuchuma mwani juu ya mawe kutwa nzima, hawana haja na nyama ya mtu, na bado kangaja wa buluu hafifu, anayeitwa kitaalamu Acanthurus leucosternon na ambaye ni mwenyeji wa matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki, anajulikana kwa ukali dhidi ya kila anayefanana naye kwa umbo au kwa chakula. Kwenye shina la mkia wake, kila upande, kuna mwiba mkali kama wembe, unaolala ndani ya mfereji wake na kuchomoza pale mkia unapopinda. Mgeni akiingia, mwenyeji humwendea kwa ubavu, huukunja mwili, kisha huupitisha mkia karibu na shavu la mgeni.

Kwenye matumbawe, aliyefukuzwa hivyo huogelea mita chache, huvuka mpaka usioonekana, na ugomvi huishia hapo, kwa kuwa mwenyeji alikuwa akitetea shamba lake la mwani na hakuwa akitafuta roho ya mtu. Ndani ya tangi mpaka huo haupo. Aliyefukuzwa hufika kwenye kioo, hugeuka, na kujikuta angali ndani ya eneo la mwenyeji. Baada ya siku mbili tatu huonekana amejibanza kwenye kona ya juu, nyuma ya bomba la pampu, mapezi yamechanika, rangi imepauka, na mwani ulioshikizwa kwenye kioo kwa ajili yake hausogelei. Mara nyingi hufa bila jeraha kubwa, na mwenye tangi husema alikuwa mgonjwa tangu dukani.

Mfano huu unaonyesha mahali lawama inapozaliwa. Ukali wa kangaja haukuongezeka hata chembe, na woga wa mgeni ni ule ule. Kilichoondolewa ni njia ya kutorokea. Maumbile ya samaki yaliumbwa mawili mawili, yaani pamoja na jino la anayekula liliumbwa pezi la anayekimbia, na pamoja na hasira ya mwenye eneo iliumbwa nafasi ya kwenda kwingine. Mwanadamu anapojenga ukuta huliacha jino na hulifuta pezi, kisha hushangaa kuona matokeo. Anayesema kwamba hiyo ndiyo asili ya samaki anasema nusu ya kweli, kwa sababu nusu ya pili ya asili hiyo ameizuia yeye.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la bahari lichunguzwe kutoka bonde la Kilombero, katika kata ya Mofu na vitongoji vyake, ambako wavuvi hawajui matumbawe. Jibu ni kwamba bonde hilo hutengeneza matangi yake lenyewe kila mwaka, bila mkono wa mtu. Mvua za masika hujaza mto, maji hupanda juu ya kingo na kuenea katika tambarare, na kambale, perege na ngogo husambaa katika majani yaliyofunikwa kwenda kula na kuzaliana. Kisha kiangazi huingia, maji hurudi mtoni, na nyuma yake hubaki madimbwi na vinamasi ambamo samaki hao hujikuta wamefungiwa pamoja. Ardhi ya namna hiyo, ambayo ni maji kwa msimu na nchi kavu kwa msimu, huitwa ardhioevu, na bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971.

Katika dimbwi linalopungua, kambale na perege hawako sawa. Kambale ana kiungo cha pekee juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa, hivyo huvumilia maji machafu yaliyokosa oksijeni, na usiku wenye umande huweza hata kujikokota juu ya matope kutafuta maji mengine. Perege hana uwezo huo. Jike lake hubeba mayai na vifaranga kinywani, njia nzuri ya kuwalinda katika maji mapana, lakini isiyofaa kitu pale dimbwi zima linapokuwa dogo na kambale anangoja chini kwenye tope. Vifaranga huliwa, wazazi huliwa na ndege, na mwisho jua humaliza kilichobaki. Ni mauaji makubwa kuliko ya tangi lolote la kioo, lakini ukimtafuta wa kumlaumu humpati. Kukosekana kwa wa kumlaumu hakutokani na udogo wa mateso. Kunatokana na kwamba hakuna aliyechagua.

Mvuvi anayeziba mkondo unaotoka dimbwini kwa uzio na kutega mgono, yaani mtego wa kusukwa wenye mdomo mpana na koo jembamba, ameingia katika jambo hilo kwa sehemu, kwa kuwa naye amefunga njia. Hata hivyo dhamira yake ni kitoweo, mwisho wake ni wa haraka, na hakuwaleta samaki hao. Mfugaji wa bwawa la kuchimbwa yuko hatua moja mbele zaidi, maana yeye huwaleta. Kuna ufugaji unaojulikana sana wa kuweka kambale wachache katika bwawa la perege kwa makusudi, ili kambale wale vifaranga wanaozidi, kwani perege huzaana upesi mno na wakijazana wote hudumaa. Mfugaji huyo huchagua kambale wadogo kuliko perege wakubwa, ili vifaranga waliwe na wazazi wapone. Amefanya uchaguzi wa nani aishi na nani, amekubali kwamba baadhi wataliwa, na anaweza kuieleza sababu mbele ya mtu yeyote: watu wale.

Mwenye tangi la mapambo hana sababu hiyo. Yeye hutafuta uzuri, utulivu wa macho baada ya kazi, na pengine mshangao mbele ya uumbaji, na haya si mambo ya kubezwa; mtu anayekaa nusu saa akimtazama samaki wa Mungu akitenda mambo yake huenda akawa karibu na ibada kuliko anavyodhani. Lakini uzuri hauwezi kulipia mateso kwa kiwango kile kile ambacho njaa inaweza. Kadiri dhamira inavyokuwa nyepesi, ndivyo uangalifu unavyotakiwa kuwa mzito.

Mapokeo ya Kiislamu yana hadithi mbili zinazolielekea swali hili kwa usahihi wa ajabu. Ya kwanza imepokewa na Anas bin Malik, sahaba wa Mtume Muhammad, kuhusu mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, ambaye alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege alipokufa, Mtume alimwuliza mtoto kwa upole habari za ndege wake. Wanazuoni walichukua kutoka hapo kwamba kumfuga ndege kwa ajili ya furaha kunaruhusiwa, kwa kuwa Mtume hakukataza. Ya pili, iliyomo katika mikusanyo ya hadithi ya Bukhari na Muslim, inahusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe wadudu na vijinyama vya ardhi. Hadithi hizo mbili zikisomwa pamoja, mpaka huonekana wazi. Kufunga peke yake hakukuhukumiwa. Kilichohukumiwa ni kufunga pamoja na kumkatia kiumbe njia yake ya kuishi, bila mfungaji kuchukua mahali pa njia hiyo. Na kwa samaki dhaifu, njia ya kuishi ni chakula na pia ni kukimbia. Anayeizuia ya pili bila badala amefanya kwa sehemu kile alichofanya mwanamke yule, ingawa kila asubuhi anamwaga chakula cha kutosha majini. Aya ya 38 ya sura ya Al-An'am, inayofundisha kwamba wanyama ni jumuiya kama wanadamu walivyo, huongeza uzito wa jambo hili, kwa sababu jumuiya ina mpangilio wake, na mpangilio huo huwatangulia wote wanaotaka kuupanga upya.

Upande wa Wakristo, ambao katika bonde hili ni wengi na ambao Jimbo lao Katoliki la Ifakara liliundwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, mjadala huanzia katika Kitabu cha Mwanzo. Sura ya kwanza humpa mwanadamu utawala juu ya samaki wa baharini, na sura ya pili humweka bustanini ili ailime na kuitunza. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alisisitiza kwamba ya kwanza isisomwe bila ya pili. Lakini kwa mwenye tangi, fundisho lenye kuchoma zaidi linatoka kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Wapo waliodhani kwamba katika Edeni wanyama wote walikula majani na kwamba ulaji wa nyama ulikuja na dhambi ya Adamu. Thoma aliyakataa mawazo hayo katika Summa Theologiae, akishikilia kwamba dhambi ya mwanadamu haikubadili maumbile ya wanyama, na kwamba wale ambao leo huwinda wangewinda hata bustanini.

Msimamo huo hufunga mlango wa kujidanganya. Mtu anayemweka kikande mwenye meno ya kuvunja makombe pamoja na kaa na kamba wadogo, akitumaini kwamba chakula kingi na uangalizi mwema vitamlainisha, anatumaini kutokea ndani ya kioo kwa jambo ambalo hata Edeni, kwa mujibu wa Thoma, halikutokea. Nabii Isaya, katika sura ya 11, aliona siku ambayo mbwa mwitu atakaa na mwanakondoo. Lakini aliiona kama kazi ya Mungu mwishoni mwa nyakati, na hakumkabidhi mwanadamu kuitekeleza sebuleni. Anayejua hivyo hujifunza kukataa. Humwona samaki mzuri kuliko wote, ana fedha ya kumnunua, na humwacha kwa sababu ya wadogo ambao tayari wako chini ya ulinzi wake. Utawala wa Mwanzo ukitafsiriwa kwa matendo ya kila siku, huanzia katika kukataa kwa namna hiyo.

Wapo wanaosema kwamba haya yote ni makubwa mno kwa kiumbe asiyehisi. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana neva zinazopokea maumivu, na kwamba midomo yake ikichomwa sindano ya tindikali hubadili mwenendo na huacha kula kwa muda. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, alijaribu kulifuta doa alilowekewa mwilini baada ya kuliona katika kioo, jaribio ambalo wanyama wengi hulishindwa. Bado wanasayansi wanabishana juu ya maana ya matokeo hayo, lakini dhamana haihitaji kusubiri ubishi huo uishe. Mtu aliyekabidhiwa asichokijua thamani yake hukitunza kana kwamba ni cha thamani, hadi itakapothibitika vinginevyo.

Samaki msafishaji huyo, kwa kweli, ni mfano wa kosa la upole. Hana ukali, hamli mwenzake, na watu humpenda kwa sababu huwaondolea samaki wengine wadudu wa ngozini. Lakini baharini huhudumia wateja wengi sana kila siku, na ndani ya tangi lenye samaki wachache wasio na wadudu hukosa riziki, na mara nyingi hudhoofika hadi kufa. Anapatana na kila mtu isipokuwa mahali penyewe. Hivyo upatano hauwezi kupimwa kwa kukosekana kwa ugomvi.

Upo pia upatano wa kweli, na mwenye tangi mwenye busara huanzia huko. Samaki wa anemoni wa Afrika Mashariki, Amphiprion allardi, huishi kati ya mikono inayowasha ya anemoni, ambaye ni mnyama laini anayejishikiza kwenye miamba. Samaki hulindwa na mikono hiyo bila kuunguzwa, naye humfukuza anayetaka kumla anemoni. Hata hapa kuna sheria. Samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume, na aliye mkubwa kuliko wote katika kundi hugeuka kuwa jike. Anayemfuata huwa mume wake, na wengine hubaki wadogo. Mtu akiwaweka watano katika nafasi finyu kwa sababu watano wanapendeza, amewaletea vita vya ngazi za cheo visivyo na mahali pa kukimbilia. Wawili wanatosha.

Ziko nyakati ambapo uchaguzi wa aina hii umefanywa kwa ziwa zima. Sangara alipoingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta mamia ya aina za furu, samaki wadogo ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na katika miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Ziwa ni pana, lakini kwa furu lilikuwa na kingo pande zote. Na samaki wa miiba yenye sumu wa jamii ya Pterois, wenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, leo wameenea katika Karibi na pwani ya mashariki ya Marekani, wakila watoto wa samaki wasiowajua kuwa ni adui. Inaaminika kwamba walianzia katika matangi ya watu waliochoka kuwafuga, wakawamwaga baharini. Waliomwaga huenda walidhani wanatenda huruma.

Hapa ndipo mfugaji wa bondeni anapobanwa kuliko mwenzake wa pwani. Hadithi ya paka iliacha njia mbili: mlishe, au mwachie. Mtu wa Ifakara, mji wa bonde hilo, yuko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na maji baridi ya Mto Kilombero humuua samaki wa matumbawe kwa muda mfupi. Ni kweli kwamba mto huo unaungana na Luwegu kuwa Rufiji, na kwamba Rufiji humwaga maji yake mkabala na Mafia, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1995, lakini samaki hawezi kuipita njia hiyo. Njia ya pili kwake imefungwa tangu siku ya kununua. Kwa hiyo kinachotakiwa kutangulia kununuliwa ni tangi la pili, dogo, lenye pampu yake na bakteria wake waliokwisha kuota, likingoja siku ambayo wawili watashindwana, maana siku hiyo hakuna muda wa kusubiri wiki sita. Gharama yake ihesabiwe ndani ya bei ya samaki. Asiye na uwezo wa matangi mawili aligawe lile moja kwa kioo cha kuchomoa chenye matundu ya kupitisha maji, aweke nusu ya samaki aliokusudia, aanze na wapole na kuwaacha wakali waingie mwisho. Na kangaja wa buluu hafifu, hata roho ikimpenda namna gani, abaki Mafia.